Kitamu Changu, Chungu Chako

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa pori!
— Pori likajaa!
— Likajaa nini?
— Wenye macho waone, wenye njaa wachume!

Haya, mmeitika vizuri, isipokuwa wewe uliyeitika huku unatafuna. Meza kwanza. Ngano hailiwi na muhogo mdomoni.

Hapo kale, mvua ilipokuwa bado inakuja yenyewe bila kubembelezwa, paliondokea mwanamke mmoja jina lake Zainafi. Alikaa ukingoni mwa pori, kule kusini kwenye mchanga mwekundu. Mume wake alikwisha tangulia mbele ya haki. Alimwachia watoto watatu, wote wa kike, wote wenye matumbo yasiyojua neno "subiri." Zainafi alijaliwa macho na mikono. Macho ya kuona mboga pale ambapo mimi na wewe tunaona majani. Mikono ya kulipika jani hilo mpaka ulambe vidole, kisha uvihesabu kama vimebaki vyote.

Tena alikuwa na kaka. Kila nyumba na mtihani wake.

Kaka yake aliitwa Likanga. Mkubwa wake, tumbo moja, ziwa moja. Na kwao huko, mjomba ndiye mwenye nyumba. Watoto wa dada ni wake, shamba la dada ni lake, neno lake halivunjwi. Likanga aliijua desturi hiyo kuliko alivyojua njia ya shambani. Kazi hakuijua. Alichojua ni kutunga nyimbo. Akipiga chafya, watu walingoja kibwagizo. Akisema neno asubuhi, jioni watoto wanaliimba kisimani.

Nyumba ile ilikuwa na chungu kimoja. Kikubwa, cheusi, cha marehemu mama yao. Vyungu vingine vilikwisha pasuka, kikabaki hicho, si cha kaka wala si cha dada, cha wote.

Basi mwaka mmoja mvua zikachezea watu. Mtama ukafika magotini ukakauka. Ghala zikabaki na panya, na panya nao wakaona aibu, wakahama. Watu wakasema, "Sasa ni pori tu."

Likanga akamwita dada yake uwanjani, majirani wakiwepo.

"Dada, pori lina vya kufurahisha ulimi na vya kuukunja. Tusije tukagombana. Tugawane kwa haki."

"Haya, kaka. Kwa haki vipi?"

Likanga akasafisha koo. Akapiga kofi, pa! pa! pa! Akaimba:

*Kitamu changu, chungu chako!*
*Tumbo langu, jembe lako!*

Tusidanganyane, wimbo ulikuwa mzuri. Watu wakacheka, wakaupokea. Bi Nantende, bibi mzee kuliko wote pale, akaupokea kwa sauti kubwa kuliko wote. Hata mguu wa Zainafi ulitikisika kabla kichwa chake hakijaelewa alichogawiwa. Kichwa kilipoelewa, wimbo ulikwisha fika kisimani.

Akachukua jembe, akaingia porini.

Zikaja mvua chache za kwanza za msimu mpya. Asubuhi yake Zainafi akakitandikia kichuguu nguo kuukuu, akakaa pembeni na watoto wake, wakagonga vijiti, ko-ko-ko, ko-ko-ko, kumbikumbi walioko chini wakadhani mvua inanyesha tena. Wakatoka. Wajinga wale! Wakajaa nguo nzima. Njiani kurudi, Zainafi akachuma mnavu, ile mboga yenye majani ya kijani kibichi ambayo ukiitafuna mbichi unamkumbuka kila aliyekukosea. Na chini ya miti akaokota uyoga.

Likanga alikuwa mlangoni. Akatupia kumbikumbi mmoja mdomoni. Mafuta matupu! Akaimba: *Kitamu changu!* Akabeba wote.

Akatafuna jani la mnavu. Uso ukajikunja kama kitambaa cha kufutia meza. "Chungu chako!"

Akautazama uyoga. "Huo kula wewe kwanza, dada. Ukiamka salama, tutaongea."

Zainafi akakusanya vilivyobaki. Uyoga akauanika juu ya paa. Mnavu akauweka chunguni. Akachemsha, akamwaga maji ya kwanza. Akachemsha, akamwaga maji ya pili. Akachemsha mara ya tatu, akatia karanga za kutwanga, akatia chumvi, akakoroga polepole. Nyinyi mnaochemsha mnavu mara moja halafu mnawalaumu watoto kwa kuutema, mnanisikia?

Harufu ikatoka jikoni, ikapinda kona, ikamkuta Likanga amelala na tumbo lake la kumbikumbi. Likanga akaamka.

"Dada, hiki asubuhi kilikuwa nini?"

"Mnavu, kaka. Mchungu."

Akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho. "Na sasa ni mtamu. Basi kimehama! Kilitoka kwako, kimekuja kwangu." Pa! pa! pa! *Kitamu changu, chungu chako!* Akakaa chini, akala mpaka akasikia udongo wa chungu unakwaruza kucha. Watoto wakagawana kilichoganda ukingoni.

Zainafi aliona moto kifuani. Lakini mjomba hakatazwi. Akameza hasira, na hasira, jamani, haijawahi kumshibisha mtu.

Mvua zikakatika kabla ya wakati. Kiangazi kikaingia. Porini yakaiva matonga, yale ya gamba gumu yanayogongwa kwenye jiwe. Zikaiva fulu nyeusi. Zainafi akapata na asali kidogo kwenye pango la mti, akaumwa na nyuki mara saba. Vyote vitamu. Vyote vikahama kabla hajatua tenga. Kilichobaki mkononi ni ukwaju.

Likanga akaulamba. Jicho moja likafunga lenyewe.

"Huu si mchungu, kaka," akasema Zainafi. "Ni mchachu. Wimbo wako haukusema kitu kuhusu uchachu."

Likanga akafikiri. "Uchachu ni mtoto wa shangazi wa uchungu. Chukua ndugu yako."

Zainafi akauchukua. Safari hii akapika nyuma ya nyumba, amekaa upande ambao upepo hautapeleka harufu kwa kaka yake. Akaloweka ule uyoga mkavu, akauchemsha, akautia maji ya ukwaju yaliyochujwa na pilipili ya porini. Akafunika vizuri. Akafunua kidogo tu, kuangalia chumvi. Kidogo tu!

"Umehama!" ikasema sauti nyuma ya bega lake.

Tena alikula uyoga uleule aliouogopa. Harufu ilikuwa imemsahaulisha woga.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama ni mpwa wake. Watoto wa Zainafi wakakonda. Mbavu zikahesabika. Yule mdogo, Somoe, ambaye zamani alikuwa hakai chini, akaanza kukaa. Ukiona mtoto amekaa kivulini anatazama tu, wala hachokozi mtu, ogopa. Zainafi aliogopa. Alijua kiangazi hakijafika nusu, na alijua chakula kimoja zaidi kikihama, huenda mtoto mmoja asiinuke.

Porini kikabaki kitu kimoja. Ndiga.

Mnaijua ndiga? Ni kiazi cha porini, kinene, kimejificha chini. Ukikila bila kukifundisha adabu, ulimi unakufa ganzi, nyumba inazunguka, na wapo waliolala wasiamke. Ukikijulia, kinalisha nyumba nzima. Zainafi alichimba siku nzima. Akaleta tenga limejaa. Likanga akagusisha ncha ya ulimi tu, akatema, akatema, akatema. Hata kuimba vizuri hakuweza.

"Shungu shako!" akasema.

Zainafi akamenya. Akakata vipande vyembamba kama kucha. Akavitia tengani, akalizamisha tenga mtoni kwenye maji yanayopita, akaliwekea jiwe. Siku ya kwanza, maji yakatoka na povu. Siku ya pili, povu likapungua. Siku ya tatu akaenda kuvitoa, na chungu akakibeba akakisugue kwa mchanga. Somoe akamfuata, akakaa juu ya jiwe, akaimba taratibu ule wimbo wa mjomba wake, maana wote waliuimba, wimbo haujui nani anaumia.

*Kitamu changu, chungu chako...*

Akanyamaza. Akakitazama chungu mikononi mwa mama yake.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Kama mjomba alikupa wewe chungu, mbona anakula yeye?"

Zainafi akaacha kusugua.

Akakitazama chungu. Akamtazama mtoto. Akaurudia wimbo moyoni, neno kwa neno. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akakaa majini. Wanawake waliokuwa wakifua wakaambiana, "Masikini, njaa imempanda kichwani."

Siku hiyo Zainafi hakupika jikoni wala nyuma ya nyumba. Aliweka mafiga katikati ya uwanja. Akatia vipande vya ndiga, akatia karanga zake za mwisho, akaiacha harufu iende inakotaka. Ikaenda kila nyumba. Bi Nantende akaja na kigoda chake. Majirani wakaja. Na Likanga akaja, sahani mkononi, ile kubwa.

"Imehama?" akauliza kwa upole.

"Imehama, kaka. Ni tamu kabisa."

Likanga akanyoosha mkono.

"Ngoja, kaka. Hiki unachotaka kukigusa kinaitwaje?"

"Hiki?" Likanga akashangaa. "Chungu."

"Chungu cha nani?"

"Chungu cha..." Mdomo ukabaki wazi. Lakini watu hawakungoja. Msimu mzima walikuwa wakiimba, wangeachaje? Wakajibu wote kwa pamoja, na watoto, na Bi Nantende juu ya kigoda:

"Chungu chako!"

"Hapana!" akapiga kelele Likanga. "Nilikusudia kitu kichungu! Kichungu! Cha kukunja ulimi!"

"Mbona hukusema kichungu?"

"Kingeharibu wimbo! Imbeni wenyewe mwone. Kitamu changu, kichungu chako. Kinakwama!"

Bi Nantende akainuka. "Likanga, mimi na meno yangu mawili nimeimba 'chungu chako' tangu mvua za kwanza. Leo unaniambia nilikuwa naimba makosa?"

Watu wakamtazama Likanga vibaya. Kumwibia dada yake ni jambo la nyumbani. Kumwimbisha Bi Nantende makosa ni jambo la kijiji.

"Basi chungu ni chake," akasema Likanga, jasho likimtoka. "Lakini kilichomo ni kitamu. Kitamu changu!"

"Sikukatalii, kaka," akasema Zainafi. "Kitamu ni chako. Chungu ni changu, na leo sitaki kiguswe. Kipate chakula chako bila kukigusa chungu changu, nitakupigia makofi."

Likanga akakizunguka chungu mara ya kwanza. Akakizunguka mara ya pili. Akainama na upawa mrefu mara ya tatu, mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma macho yakimchuruzika. Tumbo lake likanguruma, watu wote wakalisikia. Likanga hakuwa mjinga, eh. Aliona jambo moja waziwazi. Mwenye chungu ndiye mwenye kila kitu! Kumbe msimu mzima alishika upande mbaya!

Akajikung'uta. Akatabasamu.

"Dada, mimi ndiye mjomba. Niliyegawa ni mimi, na ninaweza kugawa upya. Kweli si kweli?"

"Kweli, kaka. Neno la mjomba halivunjwi."

"Basi sikilizeni!" Pa! pa! pa!

*Chungu changu, kitamu chako!*
*Jembe langu, tumbo lako!*

Wote wakageuka kumtazama Zainafi. Hata moto ulipunguza kelele.

"Kaka," akasema Zainafi taratibu, "rudia. Wengine hawakusikia vizuri."

Mtunzi aambiwe arudie, mnafikiri atakataa? Akarudia. Akaongeza na kutikisa bega. Mara ya tatu watoto wakaupokea, na Bi Nantende naye, akiwa ameridhika sasa. Wimbo ukaondoka pale uwanjani kwenda kisimani, haurudi tena.

"Sawa," akasema Zainafi. "Chungu chako, kaka. Chukua."

Akatandaza majani ya mgomba juu ya ungo. Akakiinamisha chungu, ndiga yote ikashuka, nyeupe, inafuka moshi, karanga zimeshika kila kipande. "Watoto! Kitamu ni chetu!" Watoto wakaja mbio. Somoe naye alikuja mbio, na Zainafi alipomwona anakimbia machozi yakamtoka, hakuyaficha.

Kisha akafuta mikono, akamkabidhi kaka yake chungu. Kitupu. Cha moto. Kikampaka masizi hadi kwenye viwiko.

Kisha akamkabidhi jembe.

"Jembe la nini?" akauliza Likanga.

"Umeliimba mwenyewe. Mara tatu."

"Lile lilikuwa la kujazia tu! Wimbo hausimami kwa mguu mmoja, dada!"

"Basi mguu wa pili ndio huo," akasema Zainafi. "Una mpini."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Likanga akaangalia huku, akaangalia huku, hakuona pa kutokea. Ulimi hauna mfupa, lakini wake siku ile ulimvunja mgongo. Akatia jembe begani, akaingia porini. Alipofika kwenye mti wa kwanza, akasikia sauti ya dada yake nyuma.

"Kaka! Siku tatu mtoni! Si mbili! Tatu!"

Alikuwa amemkasirikia, lakini hakutaka kumzika.

Likanga akachimba. Mikono ikaota malengelenge. Malengelenge yakapasuka. Akamenya, akakata, vipande vyake vinene kama kwato. Akazamisha tenga, likachukuliwa na maji, akalikimbilia na nguo zake zote, akalizamisha tena. Siku ya kwanza akakaa ukingoni akilalamika. Siku ya pili akakosa nguvu za kulalamika. Alitafuna majani ya mnavu, mabichi, uso hata haukujikunja. Siku ya tatu akaonja kipande, akangoja. Ulimi ukabaki hai. Akaruka juu peke yake.

Akaweka mafiga uwanjani. Akapuliza moto mpaka nyusi zikanuka. Akapika. Na ndiga ikaiva. Hakuna aliyemsaidia, na ikaiva! Likanga alikitazama chungu kile kwa namna ambayo hajawahi kutazama kitu. Alikuwa hajala cha maana siku tatu. Akachota mkononi, akapuliza, akapeleka mdomoni.

Akaona miguu. Miguu midogo, jozi tatu.

Wapwa wake walikuwa wamesimama kwa mstari, sahani mikononi. Zainafi alikuwa mlangoni. Hakuwatuma, lakini pia hakuwaita warudi. Alitaka kuona.

"Mjomba," akasema Somoe, "ilikuwa chungu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na sasa ni tamu?"

Likanga akaangalia ndiga mkononi mwake. Angeweza kudanganya. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi imehama," akasema mtoto.

Likanga akafungua mdomo. Bi Nantende akasogeza kigoda, majirani wakatega masikio, kila mtu akingoja wimbo. Koo likasafishwa. Mikono haikupiga kofi. Alikuwa anawatazama watoto, mbavu zao, moja moja, na unaweza kusema ndiyo kwanza anaziona.

"Kaeni," akasema. "Kaeni tule."

Wakakaa, wanne, wakikizunguka chungu. Zainafi alionja tonge moja akiwa amesimama. Vipande vilikuwa vinene, vingine vimeungua chini, na hakukuwa na chumvi hata chembe. Akaingia ndani kuchukua chumvi.

Ngano yangu nimeitua hapo, mzigo umefika. Ikiwanogea, gawianeni. Ikiwakunja ulimi, nirudishieni nimwage maji, niichemshe tena.

— Tumeonja?
— Tumeonja!
— Nani aoshe chungu?

Mbona mmenyamaza?